Kuandikishwa Shule si Kufundishwa



Kila mwezi Januari njia zetu za Butimba hujaa watoto waliovaa sare mpya. Kutoka Mkolani hadi Mkuyuni, kutoka Nyegezi hadi Igogo, wazazi na walezi huwashika watoto wao mkono na kuwapeleka kuandikishwa. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipofuta ada katika elimu ya msingi ya shule za umma, milango ya shule imefunguka kwa wengi ambao zamani wangebaki nyumbani. Miongoni mwao yumo mtoto asiyesikia vizuri, yumo asiyeona maandishi ya ubaoni, yumo mwenye kifafa, yumo mwenye ulemavu wa akili, na yumo yule ambaye mwili wake hauna alama yoyote, lakini herufi zinamkataa mwaka hadi mwaka. Kwa hatua hiyo twapaswa kushukuru.

Hata hivyo, furaha hiyo isitufumbe macho. Katika kutembelea Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tumewasikia wazazi wakisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba mtoto wao anakwenda shule kila siku, ila hakuna anachokipata. Anaketi dawati la nyuma. Jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Akiulizwa swali, hunyamaza. Akinyamaza, huitwa mvivu. Akiitwa mvivu, huchapwa. Jioni hurudi nyumbani na daftari tupu. Mtoto huyo ameandikishwa, lakini hafundishwi.

Tume ya Haki na Amani inalitaja jambo hili kwa sababu ni jambo la haki. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mtoto mwenye shida ya kujifunza akipokelewa shuleni, mzazi wake amefanyiwa hisani, na anayefanyiwa hisani hadai zaidi. Ndugu zetu, dhana hiyo ndiyo inayowaangamiza watoto wetu. Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kimoja kinachoweza kuwasaidia, nacho ni mpango binafsi wa elimu, yaani maandishi yanayoeleza jinsi shule na nyumbani watakavyomfundisha mtoto huyu mmoja, kwa kadiri ya hali yake.

HAKI HII IMETOKA WAPI?

Katika nchi yetu elimu ya watoto wenye ulemavu ilianzishwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Mwaka 1950 ilifunguliwa shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, chini ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi mjini Tabora. Hapa mkoani kwetu Mwanza, Shule ya Msingi Mitindo, wilayani Misungwi, imewapokea kwa miaka mingi watoto wasioona na watoto wenye ualbino, na wengi wa hao wenye ualbino walikimbilia huko kutafuta usalama baada ya mauaji yaliyoitia aibu Kanda yetu ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa kazi ya huruma: aliyebahatika kupata nafasi alisoma, na asiyebahatika alifichwa ndani.

Mwezi Juni mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana katika mji wa Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida yapaswa kumpokea kila mtoto na kujirekebisha kwa ajili yake. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika ibara yake ya 24 unataka mwanafunzi apewe msaada unaolingana na mahitaji yake yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kupokelewa katika shule ya umma au ya binafsi, na kwamba apewe huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Tangu wakati huo Serikali imekuwa na mikakati ya taifa ya elimu jumuishi, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza jinsi mwanawe anavyofundishwa haombi upendeleo. Na sisi waamini tuna sababu nyingine ya kusimama pamoja naye: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mlezi mkuu hawezi kuwa mgeni anayengoja mlangoni.

MPANGO HUO NI NINI HASA?

Mvuvi wa hapa ziwani hatumii wavu mmoja kwa dagaa na kwa sangara. Anatazama anachokwenda kuvua, kisha anachagua matundu ya wavu wake. Vivyo hivyo mwalimu aliyefunzwa elimu maalumu humpima kwanza mtoto, ndipo akachagua njia ya kumfundisha. Matokeo ya kazi hiyo yakiandikwa, ndiyo mpango.

Mpango mzuri hauna haja ya kuwa mrefu. Unajibu maswali sita. Mtoto anaweza nini sasa? Ni kitu gani kinachomzuia? Tunataka aweze nini ifikapo mwisho wa muhula? Ufundishaji utabadilishwa vipi kwa ajili yake? Nani atafanya nini, shuleni na nyumbani? Na tutakutana lini tena kuona kama tumefaulu?

Tutoe mifano michache. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, na pengine hata miwani haimwezeshi kuyasoma yaliyo ubaoni. Mpango wake utasema kwamba ataketi mbele, mbali na dirisha lenye jua kali. Kwamba ataruhusiwa kusogelea ubao au kupewa maandishi makubwa. Na kwamba atavaa kofia anapokuwa uwanjani. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaozitesa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, huweza kukosa shule kwa siku kadhaa kila anaposhikwa na maumivu. Mpango wake utasema ni nani atakayempatia masomo aliyoyakosa, na kwamba ataruhusiwa kunywa maji na kwenda msalani wakati wowote. Mwenye kifafa atahitaji mwalimu anayejua saa za dawa zake, tena anayejua kwamba mtoto akianguka hulazwa kwa ubavu wala hatiwi kijiko mdomoni.

Mtoto ambaye herufi zinamkataa ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kusahauliwa, kwa sababu hana dalili ya nje. Kwake yeye shabaha iandikwe kwa namna inayoweza kupimika. Mpango ukisema tu kwamba mtoto ataendelea vizuri katika kusoma, haukusema kitu. Lakini ukisema kwamba ifikapo mwisho wa muhula atasoma peke yake sentensi tano fupi zenye maneno ya silabi mbili, hapo mwalimu anajua cha kufundisha, bibi nyumbani anajua cha kusikiliza, na siku ya tathmini hakuna atakayebishana.

NGUVU YA MPANGO KWETU IKO WAPI?

Hapa tuseme ukweli. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoilazimisha kila shule ya umma kumwandikia mpango wa namna hii mtoto mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu. Mzazi huko huitwa kikaoni, na asiporidhika anaweza kudai shauri lake lisikilizwe na mtu asiye wa upande wa shule. Sisi hatujafika huko. Sheria yetu ya mwaka 2010 inatoa haki ya kupokelewa na ya kusaidiwa, lakini shughuli yenyewe ya kuandika mpango na kuutekeleza inategemea zaidi mafunzo ya mwalimu, miongozo ya elimu, na moyo wa shule husika. Mahali penye mwalimu wa elimu maalumu na mzazi mfuatiliaji, mpango unaishi. Mahali ambapo mmoja wao hayupo, mpango huandikwa kwa ajili ya mkaguzi, ukafungiwa kabatini.

Maana yake ni kwamba nguvu ya karatasi hiyo kwetu inatoka katika watu wanaoifuatilia. Jambo hili laweza kutuvunja moyo. Sisi tunaliona kuwa ni mwito. Kama nguvu iko katika kufuatilia, basi hata mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba anayo nguvu hiyo, mradi ajue la kuuliza na asiachwe peke yake.

MAMBO YA KUSHIKA KWA MZAZI NA MLEZI

Kwanza, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio kabla hujakubali aitwe mzito wa kuelewa. Wapo watoto waliopoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo au malaria kali, na nyumbani hakuna aliyetambua. Anza na kituo cha afya. Kikiona haja, kitamwandikia rufaa, hata kufikia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Karatasi za vipimo zitunze, nakala uipeleke shuleni.

Pili, nenda shuleni kabla hujaitwa. Muulize mwalimu wa darasa kama shule ina mwalimu aliyesomea elimu maalumu, na kama mwanao amefanyiwa upimaji. Shule isipokuwa naye, uliza ni shule gani ya jirani yenye mwalimu huyo au yenye kitengo maalumu. Kama saa za kikao zinagongana na saa za soko, omba saa nyingine. Na kama baba yuko visiwani kwa uvuvi na mtoto analelewa na bibi, basi bibi ndiye aitwe, kwa maana yeye ndiye anayemjua mtoto.

Tatu, andika. Nunua daftari moja la mtoto huyo. Kila juma andika alichoweza na kilichomshinda, lini alikosa shule na kwa nini. Asiyejua kuandika amwombe kaka au dada wa mtoto. Ukifika kikaoni na daftari hilo, hutakuwa msikilizaji tu, kwa sababu umebeba habari ambazo shule haina.

Nne, usiende peke yako. Nenda na mzazi mwenzako, au mjumbe wa Jumuiya, au mwalimu mstaafu. Mtu wa pili husikia yale ambayo uchungu hukuzuia kuyasikia.

Tano, usitie sahihi usichokielewa. Uliza kila neno gumu lina maana gani. Kumwambia mwalimu kwamba hujaelewa si utovu wa adabu. Ukishaelewa na kukubali, omba nakala uende nayo nyumbani.

Sita, uliza tarehe ya kukutana tena, na siku hiyo ufike. Mpango usiopitiwa upya kila muhula hufa kimya kimya. Na mtoto akikaribia madarasa ya mitihani ya taifa, uliza mapema kama shule imeandika hali yake wakati wa usajili, kwa kuwa maandishi makubwa, nukta nundu na nyongeza ya muda haviwezi kuombwa asubuhi ya mtihani.

Saba, ukikwama, panda ngazi kwa utaratibu: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, kamati ya shule, afisa elimu kata, kisha afisa wa elimu maalumu katika halmashauri. Ustawi wa jamii nao wana wajibu wao, na sheria ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Uliza katika ofisi ya mtaa wako kama kamati hiyo ipo na kama inakutana.

TUSIMSAHAU MWALIMU

Isije ikadhaniwa kwamba tunawachochea wazazi wagombane na walimu. La hasha! Walimu wengi ni waamini wenzetu, tunapiga magoti nao kanisa moja. Mwalimu mwenye watoto wengi mno katika darasa moja, asiye na vitabu vya maandishi makubwa, ambaye katika chuo alichosoma hakufundishwa lugha ya alama, naye ametendewa yasiyo ya haki. Mzazi anayemwendea mwalimu huyo kwa kelele atarudi na kelele. Mzazi anayemwendea na daftari, na swali lililo wazi, na ahadi ya kufanya sehemu yake nyumbani, anampunguzia mwalimu mzigo.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulinyamazia, nalo ni kiboko. Kumchapa mtoto kwa kutoona, kwa kutosikia, au kwa kushindwa kusoma neno ambalo akili yake bado haijalishika, ni kumwadhibu kwa kosa asilolitenda. Wala tusiinyoshee shule kidole tu. Yapo majumbani mwetu maneno yanayoumiza kuliko fimbo: kwamba mtoto ni laana, kwamba ukoo umelogwa, kwamba kumnunulia daftari ni kupoteza fedha. Mzazi anayemficha mtoto wake amemhukumu kabla ya shule kumhukumu.

WAJIBU WETU KAMA PAROKIA

Tujitazame nasi pia. Watoto hawa wanapokuja katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, twawapokea namna gani? Je, katekista amewahi kumwambia mzazi asubiri mwaka ujao kwa sababu tu mtoto hakuweza kukariri? Kanisa likidai shule imfundishe kila mtoto kwa kadiri ya uwezo wake, halina budi kufanya vivyo hivyo katika mafundisho yake.

Tena Mungu ametujalia mengi hapa. Kata yetu ina chuo cha ualimu, na wamo kati yetu walimu walio kazini, walimu wastaafu, wauguzi, na watu waliosoma sheria. Hatuna kisingizio cha kusema kwamba hakuna anayejua. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa Halmashauri ya Walei na kwa viongozi wa Jumuiya.

(a) Kila Jumuiya iwatambue, kwa heshima na kwa siri inayostahili, watoto wote wenye umri wa kwenda shule ambao hawasomi au wanasoma bila kupata kitu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, watu 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Jumuiya inayosema kwamba haina mtoto hata mmoja wa namna hiyo yafaa itazame tena.

(b) WAWATA, UWAKA na walimu wastaafu wateue watu wachache wa kuwasindikiza wazazi shuleni. Kazi yao si kusema kwa niaba ya mzazi. Ni kuketi karibu naye, kumsomea yaliyoandikwa, na kumkumbusha tarehe ya kikao kijacho.

(c) Wazazi wa watoto hawa wakutane angalau mara moja kila muhula. Mmoja amekwisha kujua njia ya Bugando, mwingine amepata shule yenye kitengo, wa tatu ndiyo kwanza ameanza kulia. Wakikutana, ujuzi wa mmoja huwa wa wote.

Ndugu zetu, hatuwaahidi kwamba mpango huu utamfanya kila mtoto afaulu mtihani wa taifa. Wapo ambao shabaha yao ya mwaka mzima itakuwa kufunga vifungo vya shati, kutaja jina la mtaa wao, au kuhesabu chenji ya shilingi mia tano bila kudanganywa dukani. Hayo si madogo. Mtoto anayejua kutaja mtaa wao hapotei njiani, na anayejua kuhesabu chenji anaweza kutumwa. Na mtoto anayetumwa amehesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumba ile.

Haba na haba hujaza kibaba. Muhula huu kila Jumuiya na ianze na mtoto mmoja tu: apimwe, mlezi wake asindikizwe shuleni, mpango uandikwe, na nakala irudi nyumbani. Kabla shule hazijafungwa tuulizane tena, hapa hapa katika kurasa hizi, mtoto yule wa dawati la nyuma amejifunza nini.

Amani ya Bwana iwe nanyi.